Marehemu Amekiri Deni

Niseme mapema kwamba sikuwa mjinga. Watu wakisikia habari hii huanza kunionea huruma, eti maskini wa Mungu, alitumiwa, hakujua alifanyalo. Nilijua. Nimesomea uhasibu miaka mitatu, na kiti hiki nimekikalia miaka kumi na miwili. Hesabu za uongo nikiziona nazitambua, na hizi nilizitambua upesi zaidi kwa sababu nilizitunga mwenyewe.

Kampuni yetu inatengeneza magodoro. Ofisi yangu iko juu ya karakana, na mashine ya kukatia sponji ikiwashwa sakafu inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinatembea chenyewe mezani. Chini, upande wa kushoto, wanashona vitambaa vya kufunikia magodoro, na huko ndiko aliko dada yangu. Ana miaka ishirini na sita pale, cherehani ya tatu kutoka dirishani. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi. Ada yangu ya shule na ya chuo ilitoka kwenye cherehani ile, na kazi hii niliipata kwa sababu dada alimsumbua bosi wa zamani mpaka akakubali kuniona.

Sasa nieleze uongo wenyewe, maana si mgumu. Miaka mitatu iliyopita wateja wetu wanne wa jumla walikwama kutulipa magodoro yetu. Wa kwanza duka lake liliungua. Wa pili aliturudishia mzigo wote kwa sababu magodoro yalibonyea kabla mwezi haujaisha. Wa tatu alihama, na mpaka leo hakuna anayejua alikohamia. Wa nne alikuwa mzee mmoja mcheshi tuliyemwita Tajiri wa Kona, akafa kwa ugonjwa wa moyo, na wanawe wakauza kila kitu wakatawanyika. Fedha zile hazikuwa za kurudi. Nilimwambia bosi tuzifute. Akanijia juu.

"Tukizifuta tuna hasara, na tukiwa na hasara benki inatukimbia. Ziache zikae," alisema. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Tena waongezee kidogo. Waandikie kwamba wamenunua tena."

Nikawaandikia. Duka lililoungua likanunua magodoro mia nne. Marehemu akanunua mia sita. Mwaka uliofuata wakanunua zaidi, na mwaka huu, nilipokaa nikapiga hesabu ya kweli kwenye karatasi ya pembeni, nikaona faida yote tunayojisifia imesimama juu ya wateja wanne wasiokuwepo.

Mtu pekee aliyekuwa na kazi ya kuliona hilo ni mkaguzi. Huyu si mfanyakazi wetu, anatoka nje, na kila mwaka anakaa kwetu wiki tatu akipekua vitabu kwa niaba ya wote wasioweza kuingia ofisini kwangu na kufungua makabati. Akiridhika anasaini ukurasa mmoja unaosema kwamba hesabu hizi zinaonyesha hali halisi ya kampuni. Ripoti nzima ina kurasa sitini, na hamsini na tisa naandika mimi. Hizo hakuna anayezisoma. Watu wanafungua ule mmoja, wanatazama saini, wanafunga.

Mkaguzi ana njia yake ya kujua kama wadaiwa wetu ni watu kweli. Anawaandikia barua: kampuni inasema unadaiwa kiasi hiki, je, ni sawa? Kanuni inataka barua hizo azitie posta yeye mwenyewe, na majibu yaende moja kwa moja ofisini kwake, yasipite mikononi mwetu hata kidogo. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Lakini mwaka ule nilioanza kazi gari lake liligoma kuwaka uwanjani kwetu, mvua inanyesha, naye ameshika kifurushi cha bahasha kifuani. Akaniambia, "Mhasibu, wewe si unapita posta?" Nikapita. Mwaka uliofuata gari lilikuwa zima, na bado akanipa. Baadaye akasema majibu nayo yaje tu kwenye sanduku letu, nitamkusanyia. Hakuna siku tuliyokaa tukaamua kwamba iwe hivyo. Ilizoeleka tu, na kikizoeleka kitu unaona hata aibu kukiuliza.

Ndiyo maana mambo yalikuwa rahisi. Kwa miaka miwili barua za wale wanne sikuzipeleka popote. Niliziandikia majibu mwenyewe mezani kwangu, kila moja kwa kalamu yake na karatasi yake, nyingine kwa mkono wa kushoto, na chini nikachora saini ya kuchanganyachanganya isiyosomeka. Nilizifanya vizuri. Kuna siku nilijipongeza, na hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko yote.

Mwaka huu bosi akaja na jambo jipya. Aliwakusanya wafanyakazi uwanjani, akapanda juu ya ubao wa kupakilia mizigo, akawaambia anataka kampuni iwe yao. Mwenye kiinua mgongo chake, badala ya kungoja astaafu, anaweza kukigeuza hisa sasa hivi. Fomu zitapokelewa mpaka mwisho wa mwezi, zikishaenda benki basi hazirudi. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa dirishani juu, na maji yakanifika shingoni nikiwa nimesimama palepale.

Saa ya chakula dada akapanda ngazi. Alikuwa na vipande vya uzi kwenye kitambaa cha kichwa, kama siku zote.

"Mdogo wangu, hili la hisa ni la kweli?"

"Mbona unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani, cherehani?"

Nilicheka. Nikamwambia hisa hupanda na kushuka, asiwe na haraka, kiinua mgongo si kitu cha kuchezea. Maneno ya kujificha tu. Dada akaketi kwenye kiti cha wageni akavua viatu, maana miguu inamvimba siku hizi.

"Sisi kule chini bosi hatumwamini," alisema. "Yule maneno matamu alizaliwa nayo. Tumekubaliana tunamngoja mkaguzi. Mkaguzi akisaini, tunaweka."

"Unaweka kiasi gani?"

"Zote. Unadhani ninazo za kugawa? Nikizipeleka kwenye nyumba yangu zinamaliza ukuta, halafu paa naezeka kwa kanga? Bosi anasema baada ya miaka miwili zinakuwa mara mbili. Na mimi baada ya miaka miwili ndiyo natoka."

Nyumba yake ina ukuta uliofika usawa wa madirisha, na imekaa hivyo miaka saba. Nilimtazama akijikanda vidole vya miguu, nikataka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini bosi alishanikumbusha zamani, kwa upole kabisa, kwamba barua zile hazina mwandiko wake hata nukta. Nina watoto wawili na mume mwenye kazi ya msimu. Nikafunga mdomo, dada akavaa viatu akashuka.

Ndipo nikapata wazo lililoniponya kwa siku tatu nzima. Kwani kugundua ni kazi ya nani? Si ya mkaguzi? Si ndiyo analipwa kwa hiyo? Basi mwaka huu nitamsaidia. Nitaghushi vibaya. Nitaghushi vibaya hivi kwamba hata mpishi wa ofisi aone, mkaguzi apige meza, akatae kusaini, na dada abaki na fedha zake. Mimi nitakamatwa au nitaponea chupuchupu, lakini mdomo wangu hautakuwa umesema kitu. Ndivyo nilivyokuwa mwoga. Nilitaka kuokoa mtu bila kuonekana.

Nikaandika majibu yote manne kwa kalamu moja ya bluu, kwa mwandiko wangu wa kila siku, ule alioujua mkaguzi kutoka kwenye madaftari yangu. Karatasi zote nilizichana kwenye rundo moja, na kona moja ya rundo lile ilikuwa imelowa chai, kwa hiyo kila barua ikawa na doa lilelile mahali palepale. Jibu la duka lililoungua nikalitia tarehe ya wiki mbili kabla ya barua ya mkaguzi kuandikwa. Nikampelekea bahasha mkononi.

Alizifungua nikiwa nimesimama. Ana kalamu ya kijani anayotumia kuweka alama za vema. Vema, vema, vema, vema.

"Wote wamejibu," alisema. "Mhasibu, ungejua ninavyohangaika na kampuni nyingine. Kwenu hapa napumzika."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Mashine ikawashwa chini, kikombe kikaanza safari yake, nikakiacha mpaka kikaanguka.

Siku mbili hazikupita, nikamwendea tena. Nikamwambia jibu la Tajiri wa Kona lilikuja na kasoro, mteja ameleta jingine. Hili nililiandika kwa utulivu, kama mtu anayeandika wosia. Nilisema: mimi mwenyewe, mwenye duka, nakiri kwamba nadaiwa kiasi hicho na nitakilipa. Chini nikaweka jina lake kamili la mzee wa watu, herufi kubwa, linasomeka kutoka mlangoni.

Mkaguzi alihudhuria mazishi ya mzee yule. Tulikwenda wote kwa gari la kampuni, yeye akakaa mbele na bosi, akatoa rambirambi kwa mkono wake. Kaburini alisimama karibu yangu, vumbi likamwingia machoni, nikampa kitambaa.

Aliisoma barua. Kalamu ya kijani ikasimama hewani. Nikasema moyoni, haya, sasa. Nikaona anaisoma tena kutoka juu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Huyu mzee," alisema taratibu.

"Ndiyo," nikasema. "Unamkumbuka?"

Ofisi ilikuwa kimya, mashine imezimwa. Alinitazama na mimi nikamtazama, sikukwepesha macho, na kama macho yanaweza kupiga kelele basi yangu yalipiga. Alijua. Nitakwenda nalo kaburini hilo, kwamba alijua na alijua kuwa najua.

"Atakuwa mwanawe," alisema hatimaye. "Watoto wengine huchukua jina la baba, biashara ikaendelea."

"Hana mtoto mwenye jina lake."

"Mhasibu." Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu aliyechoka. "Bosi wako ameniambia kuna ofisi nyingine inaitaka kazi hii kwa nusu ya bei yangu. Hapa nina miaka kumi na tano. Nina vijana sita ninaowalipa mishahara, na kampuni hii ndiyo inalipa wanne kati yao. Nikianza kuuliza habari za watoto wa watu, mwakani atakuja mwingine asiyeuliza kitu. Unanielewa?"

"Watu wanaingojea saini yako."

"Watu gani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: dada yangu. Yeye hakungoja, akaivaa miwani, akaweka vema ya kijani pembeni ya jina la marehemu, akafunga jalada.

Saini ilitoka siku ya Alhamisi. Bosi aliutoa ule ukurasa mmoja nakala kubwa, akaubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na saa ya kuingilia kazini. Ijumaa nzima nilisikia vicheko vya wanawake kutoka chini, na mimi sikushuka, nikasingizia kichwa. Usiku ule sikupata usingizi. Jumamosi mchana, baada ya zamu ya nusu siku, nilipiga moyo konde nikaenda kwa dada.

Nilimkuta anachambua mchele mlangoni mwa chumba chake cha kupanga. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote bila kupumzika. Wateja wanne, barua, mkono wa kushoto, marehemu. Nilipomaliza aliendelea kuchambua.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma, dada."

"Basi mbona unaniwekea kauzibe? Maisha yangu yote nimeshona, mara moja tu nimepata kitu cha kunitoa, wewe unakuja na hadithi ya wafu. Mtu mzima yule amesoma, amekaa wiki tatu humo ofisini kwenu, amepekua kila karatasi, akasaini. Ungekuwa uongo asingeuona?"

"Ameuona."

"Ameuona akasaini?"

"Ndiyo."

"Sasa nimwamini nani, mkaguzi mwenye mhuri au wewe unayesema mwenyewe kwamba ni mwongo?"

Ndiyo kwanza nikaelewa nguvu ya ukurasa ule. Kabla haujasainiwa uongo wangu ulikuwa wangu, ningeweza kuufuta kwa sentensi moja. Uliposainiwa ukawa ukweli wa watu wote, na mimi niliyeuzaa nikageuka mzushi.

Daftari la shule la mjukuu wake lilikuwa mkekani, na kalamu ndani yake. Nikalifungua ukurasa wa nyuma. Nikamwandikia saini ya duka lililoungua. Chini yake ya yule aliyerudisha mzigo, kisha ya aliyehama, kwa mkono wa kushoto kama nilivyozoea. Mwisho nikaandika jina la Tajiri wa Kona, na maneno yale, nakiri kwamba nadaiwa. Mkono haukusita hata mara moja. Nikamsogezea.

Dada hakusoma sana lakini mishono anaijua, na mkono wa mtu anautambua popote. Alifuata herufi za ukurasa ule kwa kidole, mstari kwa mstari. Sinia la mchele likabaki mapajani.

"Nimeshapeleka fomu," alisema. "Jana asubuhi."

"Dada, si nilikwambia usiwe na haraka?"

"Sikuwa na haraka. Nilimngoja mkaguzi getini juzi anapotoka, nikamuuliza mwenyewe. Nikamwambia mhasibu ni mdogo wangu, nimemlea mimi. Akasema, mama, kama vitabu vimetunzwa na mdogo wako, mimi nitakuwa na shaka gani?" Alilifunga daftari. "Nikajivuna. Nikaingia ndani kichwa kimenivimba, nikawaambia wenzangu wote wa cherehani. Wakapeleka na wao. Tuko kumi na wanane, na mimi."

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia na kurudi ndani. Dada hakunigusa. Aliliweka sinia kando, akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya kutokea.

"Fomu zinakwenda benki lini?"

"Jumatatu saa nne."

"Mwenye fomu akienda Jumatatu asubuhi kabla haijaondoka, anarudishiwa?"

"Anarudishiwa. Lakini lazima aende mwenyewe na asaini kwamba ameghairi."

"Basi inuka. Chukua hilo daftari."

"Dada, nikiwaambia watu kumi na saba nitafungwa."

"Utafungwa," alisema. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo. "Watoto nitawalea mimi. Nilishalea."

Tukatoka. Jua lilikuwa kali na barabara ina vumbi, dada anatangulia kwa ile miguu yake iliyovimba, mimi nyuma na daftari kwapani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshonaji mkongwe kuliko wote, tunayemwita Shangazi. Alitukaribisha kwa bashasha, akatukunjulia viti, akamsukuma mjukuu wake akalete maji. Nikamweleza tena tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka akanipiga begani.

"Hofu tu hiyo, mwanangu. Wewe huna makosa, mna kazi nyingi kule juu. Mkaguzi kasaini, nimeuona mhuri wake pale ubaoni kwa macho yangu mawili."

Nikamgeukia dada. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukaa.

"Mwandikie," alisema.

Nikafungua ukurasa mpya nikaanza na lile duka lililoungua. Shangazi aliendelea kutabasamu mpaka saini ya pili. Kwenye ya tatu akaacha. Nilipofika kwa marehemu alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili, ananitazama mimi, si karatasi, na akauliza kwa sauti ndogo kama nina mama aliyenifunza haya. Dada akamjibu kwamba sina, nimelelewa na yeye, kisha akaniambia niharakishe, zimebaki nyumba kumi na sita.